Siku Bosi alipomkatalia mzee lifti

Jumanne iliyopita jioni nimekaa zangu barazani nachambua mchicha, akaja jirani yetu mmoja, mzee wa heshima kabisa, na usoni nikaona hajaja kwa salamu. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba ya haraka haraka halafu akaanza: mama, huyu mwanao mkubwa siku hizi kabadilika, leo asubuhi nimemkuta njiani na begi lake, nimesimamisha gari namwambia panda nikufikishe shule, kaniamkia vizuri tu, halafu ananiambia hapana babu asante, huyoo akaendelea na safari yake. Mimi! Mimi ninayemjua toka anabebwa mgongoni!

Nikamwambia samahani sana mzee, ntaongea nae.

Na kweli usiku nikaongea nae. Nikamkaangia mayai mawili.

Sasa ngoja nieleze vizuri maana mkiishia hapo mtasema huyu mama nae ni wa ajabu. Bosi ni jina tulilompa humu ndani kwa sababu toka mdogo anatoa amri, ana miaka minane, yuko la tatu, shule ya serikali hapa hapa Tabata. Kwa mguu wangu ni dakika kumi na tano, kwa mguu wake ni ishirini na tano maana kila paka lazima asalimiwe. Mwaka juzi na mwaka jana alikuwa anapelekwa na dada wa kazi. Dada akaondoka kabla ya Pasaka kwenda kumuuguza mama yake Singida, akasema wiki mbili, na nyie wenyewe mnazijua hizo wiki mbili. Baba yao ni dereva wa semi anapiga ruti ya Tunduma, akiwepo nyumbani ni kama sikukuu. Mi natoka saa kumi na mbili kamili kuwahi daladala ya Kariakoo, duka la watu, ukichelewa unakatwa. Mama mkwe wangu tunaishi nae, mungu ambariki ndo anabaki na mdogo mtu, ila magoti yake hayamruhusu kufika hata dukani kwa Mangi, seuze shule.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nikafanya kama wengi wanavofanya, nikamlipa kijana wa boda wa kijiweni. Kijana mzuri, ana adabu, namjua na kwao. Siku ya nne nikasahau simu ikabidi nirudi, nikakutana nao kona ya msikiti, mshikaki wa watoto wanne, wa kwanza kakaa juu ya tenki, Bosi wa tatu amebanwa katikati kama kitunguu, hamna hata helmeti moja, na kijana ananipungia mkono kwa furaha kabisa. Sikumgombeza. Kwa hela ninayomlipa mimi angembeba mtoto mmoja mmoja angekula nini? Lakini jioni ile ile nikasema basi, huyu mtoto ataenda kwa miguu yake.

Hapo ndo lilipoanza swali lenyewe: yuko tayari au hayuko tayari?

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Wale wa umri wangu mnakumbuka, kwenda kuandikishwa la kwanza mwalimu hakutaki cheti wala nini, anakwambia pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia umekua, usipolifikia rudi kwa mama yako uje mwakani. Mi mwaka wa kwanza sikulifikia, nikalia njia nzima. Sa nimekaa kitandani usiku nawaza, jamani sikio la barabarani ni lipi? Nitajuaje kama mkono umefika?

Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa. Kosa kubwa. Mmoja akasema miaka saba inatosha, mwingine kumi, mwingine wake anaenda mwenyewe toka chekechea na anambeba na mdogo wake, mwingine akasema dunia imeharibika hata kidato cha nne anampeleka mwenyewe mpaka getini, mwingine akasema mlinzi ni Mungu. Na mi namwamini Mungu ila usiku mlango nafunga na kufuli. Halafu mmoja akatuma tangazo la mashuka na mjadala ukafia hapo.

Mama mkwe yeye hakuona hata sababu ya mjadala. Sisi tulitembea, anasema. Na mimi nilitembea, Temeke miaka ya tisini, begi la rambo, mkono mmoja kidumu cha maji mkono mwingine ufagio wa chelewa, tunaondoka kundi zima kama mbuzi, tunarudi kundi zima, na mama yangu mzazi alifika shule yetu mara mbili tu, siku ya kuniandikisha na siku nilipompiga mtoto wa mwalimu. Ila tukiacha kujisifu, Temeke ile ya kwetu haikuwa na bodaboda hata moja. Na hata hivo tukiwa la nne mwenzetu mmoja aligongwa na lori la mchanga, alipona lakini mguu ulikatwa, hakurudi tena darasani kwetu. Yeye ukimkuta leo sidhani kama atakwambia sisi tulitembea na hakuna kilichotokea.

Baba yao aliporudi toka Tunduma nikamwambia, nikategemea atakataa. Hakukataa wala hakukubali. Akasema Jumapili nimpeleke Bosi yadi, pale wanapolaza magari karibu na barabara ya Mandela. Tukaenda, akampandisha kwenye kiti cha dereva cha semi, mtoto kafurahi anashika usukani, halafu akaniambia mimi nenda simama mbele ya bampa, uchuchumae. Nikachuchumaa na gauni langu la kanisani. Namsikia huko juu anamuuliza, mama yako yuko wapi? Bosi anasema kaondoka. Angalia vizuri. Kaondoka baba, hayupo. Nikanyanyuka taratibu, kichwa kikatokea juu ya bonneti, yule mtoto akapiga kelele. Baba yake akamwambia maneno machache tu, ukiwa hapo chini mimi sikuoni, na mimi ni baba yako na nakupenda, sasa huyo asiyekujua je?

Mpaka leo Bosi akiona lori limesimama anazunguka mbali kabisa, hapiti mbele wala nyuma. Kwa hilo moja baba yake alifanya kazi kuliko mahubiri yangu ya mwezi mzima.

Usiku mwingine sina usingizi nikawa nasoma soma kwenye simu. Nikakuta kuna utafiti wa 2011 wa Royal Holloway, chuo kimoja cha London, walipima macho ya watoto wa shule ya msingi wakakuta gari likizidi maili 20 kwa saa, hiyo ni kama kilomita 32, mtoto hawezi kuliona kwa uhakika kwamba linamkaribia. Sio kwamba hajafundishwa, wala sio kwamba hana akili, ni ubongo wake bado haujakomaa kusoma ile picha ya kitu kinachokuwa kikubwa machoni. Kitu kinachokuja kwa kasi yeye anakiona kama kimesimama. Nikakaa kitako. Maana sheria yetu ya mjini ni 50! Yaani hata dereva mwenye adabu zote, mwenye leseni safi, anayetii kibao, tayari yuko nje ya uwezo wa macho ya mwanangu, sembuse wale wa kwetu wanaokimbizana kuwahi abiria. Na Shirika la Afya Duniani linasema watu wa miaka 5 mpaka 29 kinachowaua zaidi duniani ni ajali za barabarani. Kuliko malaria. Kuliko ugonjwa wowote tunaouogopa.

Kwa hiyo swali nikaligawa. Nikaona kosa langu ni kuuliza kuhusu mtoto kana kwamba njia ni moja, kumbe njia ni tatu. Kuna kipande cha mtaani kwetu, vumbi, matuta, kila mtu anatujua. Kuna kichochoro cha nyuma ya gereji kinachotokea kwenye mfereji wenye kidaraja. Na kuna lami. Shule iko ng'ambo ya lami. Kipande cha kwanza angekuwa tayari hata akiwa na miaka sita kusema kweli, tulikuwa tunamdekeza tu. Cha pili kikanichukua wiki tatu. Lami sijampa mpaka leo na nitaeleza.

Niliomba kazini wiki mbili niwe naingia saa mbili, wakanikata lakini wakakubali. Wiki ya kwanza tunatembea wote, yeye ndo ananiongoza, mi kazi yangu ni kunyamaza, na kunyamaza ni kazi ngumu jamani, kila nikifungua mdomo ananikumbusha ulisema hutaongea. Wiki ya pili yeye mbele mimi nyuma nimejitanda khanga mpaka puani najificha kwenye nguzo za umeme. Siku ya kwanza tu Mangi akatoka dukani akapiga kelele, Mama Bosi mbona unamnyemelea mtoto? Upelelezi ukaishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshaona ya kuona. Nilidhani nitamkuta anacheza na paka katikati ya njia. Wapi, njiani yuko makini kuliko mimi. Kilichonishtua ni kingine kabisa.

Ni kwamba mtoto wangu ana adabu sana.

Nicheke au nilie. Kila mtu mzima anayemwita anasimama. Fundi wa gereji anamwambia njoo, anaenda. Bibi mmoja ananunua mkaa anamwambia nishikie hii, anashika, dakika tano zinapita. Halafu tulipofika kwenye lami siku ile, nimesimama hatua kama kumi nyuma yake, likaja gari dogo likasimama kabisa, dereva muungwana, akamuonyesha mkono pita mwanangu pita. Bosi akapiga hatua. Hakuangalia popote tena. Mtu mzima kasema pita. Na boda kushoto kwa lile gari ikapita kama risasi, yule kijana hajui gari limesimama kwa nini, yeye kaona upenyo tu. Nilimvuta kwa begi. Mkanda wa begi ukakatika, bado ninao.

Yule dereva hakuwa na kosa. Alifanya wema. Lakini wema wake haukufika kwenye ile boda.

Tumewafundisha hawa watoto kulia, kushoto, kulia tena, ule wimbo wanaujua toka chekechea, na ni sahihi maana tunaendesha kushoto, gari la kwanza kukufikia linatokea kulia. Shida ni kwamba ule wimbo ulitungwa kabla ya boda. Boda inatokea kushoto, kulia, juu ya njia ya miguu, kinyumenyume, nimewahi kuona moja imetokea ndani ya duka la dawa. Ila hata hiyo unaweza kumfundisha. Tulichokuwa hatujamfundisha ni kubaki amesimama pale mtu mzima anapomwambia pita, na kusema mimi sipiti.

Na hapo ndo nikalipata sikio langu. Mtoto atakuwa tayari kwenda mwenyewe siku atakayoweza kumkatalia mtu mzima, na bila kuona aibu. Dereva anayempungia, boda anayemwambia panda bure, konda, anti asiyemjua anayesema mama yako kanituma, na hata anayemjua, maana tusidanganyane, watoto wetu wanaoharibiwa wengi wanaharibiwa na watu wanaowajua kwa majina, wanaowapa shikamoo kila siku.

Nikalitamka hilo mezani na vita ikaanza. Mama mkwe aliweka kijiko chini. Mwanangu, akaniambia, mnataka kumfundisha jeuri? Mtoto wa kike? Na nilimwelewa. Sisi wote tumelelewa hivyo, mkubwa akiita unaitika abee unakimbia, ukitumwa na mtu baki unaenda, na jirani ana haki ya kukuchapa na ukifika nyumbani unachapwa tena. Ndo malezi yaliyonifikisha hapa. Nikamwambia mama, shikamoo iko pale pale, akiacha shikamoo mi mwenyewe nitamchapa. Ataamkia, atasema hapana asante, ataondoka. Akasema na mimi nikimtuma dukani atasema hapana asante? Baba yao alicheka, ikabidi aende nje.

Basi tukawa tunafanya mazoezi jioni. Mi najifanya anti wa kwenye gari, baba mtu akiwepo anajifanya boda, mdogo mtu anataka kuwa gari tu. Tulijaribu na neno la siri, nilisoma mahali kwamba mnakubaliana neno, akija mtu kasema katumwa na mama mtoto anamuuliza neno. Tukachagua neno, siku ya pili nikakuta watoto wa mtaa mzima wanalirukia kamba. Tukabadilisha, likavuja tena. Mara ya tatu nikaacha nikaweka sheria fupi: mimi sitamtuma mtu kukuchukua, hata siku moja, hata akisema nimekufa. Baba yao hakuipenda ile hata akisema nimekufa lakini mtoto aliielewa vizuri sana. Nikamkaririsha na 116, ile namba ya bure ya kusaidia watoto, ingawa simu hana, maana dukani kwa Mangi simu ipo na kwa mwalimu ipo.

Msione kama nimejifungia na mambo yangu, nilisoma na ya wenzetu. Japani mtoto wa miaka sita anaenda shule kwa miguu bila mzazi, sehemu nyingi wanakwenda kwa makundi wakubwa wanaongoza wadogo, wale wa darasa la kwanza wanavaa kofia za njano. Nikasema kumbe ni sisi wa Temeke tukiwa na kofia. Marekani nako jimbo la Utah ilibidi watunge sheria mwaka 2018, kwamba mzazi akimwacha mtoto anayejiweza aende shule mwenyewe asihesabiwe kamtelekeza. Yaani kule unaweza kuitiwa polisi kwa kitu ambacho hapa nusu ya jiji inafanya kila asubuhi kwa sababu haina namna nyingine. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Lakini kilichonigusa zaidi ni cha hapa hapa kwetu. Kuna shirika linaitwa Amend, walianza hapa Dar kutembelea shule za msingi ambazo watoto wanagongwa sana, na hawakuja na semina, walikuja na zege. Njia ya miguu, matuta, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande kwa watoto, zebra, na shule nyingine walihamisha geti tu, likatazama upande mwingine. Mwaka 2019 wakapata tuzo kubwa ya kimataifa ya mambo ya miji kwa kazi hiyo. Geti! Mi nimetumia miezi mitatu kumbadilisha mtoto, kumbe kuna mahali mtu kaja kahamisha geti. Ya kwetu geti linatazama lami uso kwa uso, zebra ilikuwepo imebaki kivuli, ukiijua unaiona, usiyeijua huioni, na dereva haijui.

Ndo maana lami sijampa. Sio yeye, ni ile barabara, na ile barabara hata akiwa na miaka kumi na mbili sijui. Anavushwa na mama muuza vitumbua aliyekaa upande wetu. Yule mama anawavusha kama kumi hivi, saa moja kasoro, anaacha karai linachemka anasimama katikati ya barabara na upawa mkononi, na nawaambia hakuna trafiki Dar nzima anayeheshimiwa kama ule upawa. Nilitaka kumlipa akakataa, akasema nitalipwaje kwa kuvusha watoto. Kwa hiyo nanunua vitumbua. Kila siku. Mama mkwe ana sukari, mi natakiwa kupungua, baba hayupo, vitumbua vinaliwa na mdogo mtu na kuku wa jirani.

Mwezi wa saba yule mama akaumwa siku tatu, na Bosi akafika pale hakuna mtu. Hii nilisimuliwa baadae na kijana wa chipsi anayefungua banda asubuhi. Anasema mtoto alisimama kwenye kibaraza. Likaja gari likasimama, dereva kampungia, mtoto katingisha kichwa. Dereva kapiga honi, nyuma wanapiga honi, mtoto kasimama. Dereva kashusha kioo kamwambia we mtoto vuka bwana unatuchelewesha. Bosi kamwambia shikamoo. Gari likaondoka. Akasubiri mpaka wakaja wale wakubwa wa la sita wakavuka wote, na alikuwa amechelewa, na mwalimu wa zamu akamwokotesha takataka uwanja mzima.

Nilienda shule. Kwa adabu. Mwalimu akaniambia mama, tuna watoto mia na zaidi darasa moja, nikianza kusikiliza kila mmoja alisimama barabarani kwa nini hatutafundisha. Na hakuwa anadanganya, nimeliona lile darasa, wapo wanaoandikia kwenye mapaja. Tukakubaliana kwamba akichelewa kwa ajili ya kuvuka atakuja kusema, na yeye atajitahidi kukumbuka. Sijui kama anakumbuka.

Mambo mengine madogo madogo nayataja haraka. Giza: watu wanasema Dar hakuna majira ila mtoto wa saa kumi na mbili na nusu anayajua majira vizuri sana, mwezi wa kumi na moja muda huo jua limeshatoka zamani, mwezi wa saba ndo kwanza linachungulia na kwenye kichochoro cha gereji bado ni usiku, kwa hiyo mwezi wa saba wote alizunguka njia ndefu ya msikitini. Mvua: ikinyesha usiku ruhusa imefutwa, mfereji ukijaa kidaraja huoni kinapoishia, siku hiyo nampeleka mwenyewe nachelewa nakatwa, ndo maisha. Sweta lake nimelishonea kitambaa kinachong'aa mgongoni, lile la kwenye fulana za mafundi barabara. Analichukia.

Turudi kwa mzee. Ijumaa nilienda kwake na vitumbua, si vipo. Nikamkuta anasikiliza redio, nikamwamkia, nikamweleza yote, ya boda, ya mkanda wa begi, ya dereva na honi. Alisikiliza vizuri. Mwisho akaniuliza, sasa mama, na mimi ni mtu wa kukataliwa na mtoto? Nikamwambia mzee, ana miaka minane, bado hajui kuchagua nani wa kumkubali na nani wa kumkataa, kwa hiyo kwa sasa anakataa wote. Akanyamaza. Akasema siku nyingine nikimkuta nitampungia tu. Nikasema hiyo itatosha kabisa mzee. Vitumbua alivipokea. Ila marahaba ya jana asubuhi ilikuwa fupi bado, nadhani tutaenda hivyo hivyo mpaka Krismasi.

Mama mkwe nae juzi kamtuma Bosi akamletee maji, Bosi akasema hapana asante bibi, halafu akakimbia kwenda kuyaleta huku anacheka. Bibi hakucheka.

Mdogo mtu anaanza la kwanza Januari. Huyo wiki iliyopita alimfuata muuza askrimu wa baiskeli mpaka mtaa wa tatu, tumempata amekaa kwenye keria anamsaidia kupiga kengele. Nimeshaanza kuuliza bei za vitumbua kwa jumla.